FAHAMU: Daraja la reli lililoungua, likauzwa dola moja, leo watu wanatembea juu yake



Leo tuongelee madaraja. Siyo yale mapya ya kukatiwa utepe na mheshimiwa, hapana. Naongelea yale ya zamani ya reli, ambayo treni zimeshayahama, yamebaki yanakula kutu na watu wameanza hata kusahau nani mwenyewe. Ukiwa na daraja la namna hiyo mjini kwako unalifanyaje? Unalikata uuze chuma chakavu? Unaliacha mpaka lianguke lenyewe? Au unaweka sakafu na kingo watu wapite kwa miguu?

Duniani yapo madaraja mengi yaliyopitia hiyo njia ya tatu. Lakini kuna moja ambalo historia yake inafundisha kuliko mengine, maana limepitia kila kitu: sifa, ajali, kutelekezwa, ugomvi wa watu waliolipenda, na mwisho kufufuka. Ni daraja la Poughkeepsie (soma Pu-KIP-si, msijing'ate ulimi), jimbo la New York huko Marekani. Siku hizi linaitwa Walkway Over the Hudson, yaani njia ya kutembea juu ya mto Hudson.

KWA HARAKA HARAKA (kwa wale ambao dakika zao zinakaribia kuisha)

- Mahali: mto Hudson, kama kilomita 120 kaskazini ya jiji la New York. Upande wa mashariki ni mji wa Poughkeepsie, magharibi ni Highland.
- Lilifunguliwa kwa treni: 1 Januari 1889.
- Liliungua: 8 Mei 1974.
- Lilifunguliwa kwa waenda kwa miguu: 3 Oktoba 2009.
- Urefu: mita 2,063 hivi.
- Kimo: mita 65 hivi juu ya maji, sawa na ghorofa la ngazi 21.
- Gharama ya kuligeuza: dola za Kimarekani milioni 38.8.
- Kiingilio: bure.

Mwenye muda twende pamoja polepole.

KWA NINI LILIJENGWA

Karne ya 19 viwanda vingi vya Marekani vilikuwa kaskazini mashariki, kwenye majimbo yanayoitwa kwa pamoja New England. Viwanda vinataka makaa ya mawe, na makaa yalikuwa Pennsylvania, magharibi ya mto. Katikati umekaa mto Hudson, mpana, wenye kina, na meli zinapita. Kati ya jiji la New York na Albany hapakuwa na daraja hata moja. Mizigo ilivushwa kwa vyombo vya majini, na wakati wa baridi kali mto unaganda barafu. Mnaona tatizo.

Wenyeji wa Poughkeepsie wakasema sisi tutajenga. Kusema ni rahisi. Jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka huohuo uchumi wa Marekani ukaporomoka na mradi ukalala. Ukaamshwa 1876, miaka miwili mbele ukalala tena na nguzo zikiwa hazijakamilika. Kazi ya uhakika ilianza 1886, na mwisho wa Desemba 1888 treni ya kwanza ikavuka. Wakati ule lilitajwa kuwa daraja refu kuliko yote duniani.

Namna lilivyojengwa ni ya wahandisi wenyewe, lakini nijaribu kwa lugha ya mtaani. Mto ni mpana na meli zinahitaji nafasi, kwa hiyo huwezi kujaza nguzo kila baada ya mita chache. Wakatumia mtindo wa kantileva: kutoka kwenye nguzo unatoa mkono wa chuma kwenda mbele na mwingine kwenda nyuma, ili uzito wa huku ushikwe na uzito wa kule. Fikiria mtu amesimama na ndoo mbili, moja kila mkono. Akiwa na moja anapinda, akiwa na mbili anasimama wima. Nafasi kubwa za daraja hili zina mita kama 167 kutoka nguzo hadi nguzo.

Sasa shikeni hili maana tutalirudia. Treni zilikuwa zinazidi kuwa nzito kila mwaka. Kwa hiyo mwaka 1906 na 1907 mhandisi Ralph Modjeski, mzaliwa wa Poland, alisimamia kuliongezea nguvu: ukaongezwa mstari wa tatu wa fremu za chuma katikati, urefu wote wa daraja. Lilikuwa tayari limeshiba chuma, likazidi kushiba.

MOTO WA 1974

Baada ya vita kuu ya pili malori na barabara kuu zilianza kula biashara ya reli. Makampuni yakaungana ili yaokoke. Mwaka 1968 ikazaliwa kampuni kubwa ya Penn Central, na mwaka 1969 ikalazimika kuichukua na New Haven, reli iliyokuwa na daraja letu. Mwaka 1970 Penn Central ikafilisika, tena kwa kishindo.

Penn Central ilikuwa na njia yake nyingine ya kuvuka Hudson huko kaskazini karibu na Albany. Kwao daraja la Poughkeepsie lilikuwa kama mtoto wa kambo: lipo ndani ya nyumba, ila hakuna anayeuliza kama limekula.

Tarehe 8 Mei 1974 mataruma ya mbao yakashika moto. Inaaminika chanzo ni cheche za breki za treni iliyokuwa imepita. Juu ya daraja kulikuwa na bomba la maji maalumu kwa ajili ya kuzimia moto, lakini halikuwa linafanya kazi. Zimamoto wakahangaika na moto ulio juu ya mita 60 hewani. Ulipozimika, sehemu ya mataruma na njia ya juu ilikuwa imeungua.

Sasa angalieni vizuri. Kilichoungua ni MBAO. Chuma chenyewe, zile fremu za 1888 na zile za Modjeski, vilibaki vimesimama. Kiufundi daraja lingeweza kutengenezwa treni zikaendelea. Halikutengenezwa kwa sababu mwenye nalo hakuwa na pesa, na hakuwa na haja nalo. Treni hazikurudi tena.

LIKAUZWA DOLA MOJA

Mwaka 1976 serikali ya Marekani ikakusanya mabaki ya reli zilizofilisika ikaunda kampuni ya Conrail. Daraja likaingia humo kama mzigo. Mwaka 1979 likaandikishwa kwenye orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Heshima kubwa, lakini cheti hakipaki rangi wala hakizuii kutu.

Mwaka 1984 Conrail wakaliuza. Bei: DOLA MOJA. Hamjakosea kusoma.

Kwa nini kitu chenye chuma chote kile kiuzwe bei ya soda? Kwa sababu anayelinunua ananunua na madeni yake. Kodi ya ardhi na majengo ipo. Taa za kuongozea meli usiku lazima ziwake, na walinzi wa pwani wanafuatilia. Chini ya daraja upande wa Poughkeepsie kuna nyumba za watu na barabara, kwa hiyo kipande kikidondoka ni kesi. Ukitaka kulibomoa, kazi ya kushusha chuma kutoka kimo kile juu ya mto wenye meli na juu ya mapaa ya watu ni pesa kuliko chuma utakachouza. Conrail hawakuuza mali. Walilipa mtu awatue mzigo, ila malipo yenyewe yakawa ni daraja.

Aliyenunua alitegemea kodi kutoka kwa kampuni ya umeme iliyokuwa imepitisha nyaya zake darajani. Kampuni ikahamisha nyaya. Kodi ikakatika. Mwaka 1990 likahamia kwa mtu mwingine, naye hakuwa na uwezo wa kulihudumia.

Kwa hiyo kuanzia 1974 mpaka miaka ya tisini yote, mji wa Poughkeepsie uliishi na jitu la chuma kichwani: linaonekana kutoka kila kona, limefungwa, na kwenye makaratasi linapita mkono huu kwenda ule. Wapo waliokua wakadhani ndivyo lilivyo, kama mlima.

WATU WAWILI, NJIA MBILI

Mwaka 1992 ikaanzishwa asasi ya wananchi iliyojiita Walkway Over the Hudson. Mtu wa mbele alikuwa mkazi mmoja, Bill Sepe. Wazo lake halikuwa na mbwembwe: tulichukue sisi wenyewe, tulisafishe sisi wenyewe, tuweke mbao za kukanyagia kidogo kidogo, kwa michango na kwa mikono yetu. Hakutaka daraja liingie kwenye madeni wala litegemee fedha za serikali.

Miaka mingi watu wanacheka. Lakini wao wanapanda, wanafagia, wanapeleka wageni kuangalia mto kutoka juu, wanapiga kelele kwamba hiki kitu kipo na ni chetu. Mwaka 1998 wakapata kilicho muhimu kuliko vyote: HATI MILIKI. Kwa mara ya kwanza tangu moto, daraja lilikuwa na mwenyewe anayelitaka.

Hapo ungetegemea hadithi iishe kwa vigelegele. Haikuisha. Kwa sababu hati ni kitu kimoja na mita 2,063 ni kitu kingine. Hesabu ndogo tu: mkiweka mita moja ya sakafu kwa siku, bila kupumzika Jumapili wala mvua, mnahitaji zaidi ya miaka mitano na nusu. Hapo sijagusa kingo, ukaguzi wa chuma, wala bima.

Ndani ya asasi kukawa na mvutano. Kundi moja: twende mdogo mdogo, tusije tukapoteza kilicho chetu. Kundi lingine: tukienda hivi tutakufa kabla ya kuvuka, na huenda daraja likatangulia. Mwaka 2004 uongozi ukabadilika. Akaingia Fred Schaeffer, mwanasheria na mpenda baiskeli, na mwelekeo ukageuka: tafuta wahandisi wakubwa, tafuta wafadhili, kaa mezani na serikali.

Mimi sitaki kumpa mmoja kikombe na mwingine nimnyime. Bila wale wakaidi wa kwanza, hati ingekuwa imefia kwenye droo ya mtu, na Schaeffer asingekuwa na kitu cha kupeleka mezani. Bila wale wa pili, daraja lingekuwa mpaka leo lina kipande cha mbao upande mmoja na ndoto upande wa pili. Ila ukweli usemwe, watu walioanza kazi siyo waliokata utepe, na hilo linauma. Miradi mingi ya jamii inavunjika hapohapo.

MKWANJA ULIPATIKANAJE

Mambo matatu yaliwasaidia.

Kwanza, wakfu wa familia ya Dyson (Dyson Foundation), ulioko hukohuko bonde la Hudson, ulitia pesa mapema na kusukuma wengine. Pesa ya mapema ina nguvu kuliko pesa nyingi ya baadaye, kwa sababu ndiyo inayolipa wahandisi wapande wakague. Huwezi kuomba mamilioni kwa kitu ambacho hujui kama kitasimama.

Pili, tarehe. Mwaka 2009 ulikuwa unatimiza miaka 400 tangu Henry Hudson apandishe mto ule mwaka 1609. Jimbo zima lilikuwa linajiandaa kwa sherehe. Wakasema: basi tufungue mwaka huo. Siku ya mwisho ikishajulikana, wanasiasa hukimbia.

Tatu, hoja ya gharama. Watetezi wa mradi walionyesha kwamba kulibomoa kungekula pesa nyingi kuliko kulikarabati. Yaani hata asiyependa historia wala kutembea, akipiga hesabu anaona afadhali sakafu.

Mwisho wa siku zikatumika dola milioni 38.8, mchanganyiko wa fedha za umma na za binafsi. Ukizigawa kwa urefu ni kama dola 18,800 kwa kila mita moja. Siyo hela ya soda tena.

KAZI YENYEWE

Ujenzi ulianza Mei 2008. Swali ambalo kila mtu anauliza: chuma cha zaidi ya miaka mia, kitabeba watu?

Jibu liko kwenye ule uzito wa treni. Daraja lilijengwa, likaongezewa nguvu, ili libebe injini za mvuke zinazovuta mabehewa ya makaa. Watu hata wakijaa wakabanana, wahandisi hukadiria kilo 400 na kidogo kwa kila mita ya mraba, na mzigo wenyewe umetandazwa. Injini inaleta uzito mkubwa mahali padogo, tena unatembea na kutikisa. Kwa hiyo ukikuta chuma bado kizima, daraja la reli lina akiba ya nguvu ambayo daraja la waenda kwa miguu la kawaida halina. Modjeski alijenga kwa ajili ya treni, kumbe alikuwa anawawekea watoto wa baiskeli wa karne nyingine.

Ila "ukikuta chuma bado kizima" ndiyo kazi. Inabidi kiungo kikaguliwe, ribiti zikaguliwe, kilicholiwa na kutu kibadilishwe. Halafu ndiyo juu zikapangwa slabu za zege zilizomwagwa tayari kiwandani, karibu elfu moja, zikanyanyuliwa na kupangwa moja baada ya nyingine kama vigae. Upana ni kama mita 7, yaani baiskeli, viti vya magurudumu, mama na mtoto, wote wanapishana bila kusukumana. Pembeni kingo.

Tarehe 3 Oktoba 2009 likafunguliwa, likatangazwa kuwa daraja refu kuliko yote ya waenda kwa miguu duniani kwa wakati ule. (Rekodi za namna hii hugombaniwa kila siku, msinichape.) Lilipewa hadhi ya hifadhi ya kihistoria ya jimbo la New York. Maana yake idara ya hifadhi za jimbo inaliendesha na asasi ya wananchi inasaidia pembeni. Hiyo ni tofauti kubwa na 1984: daraja lina bajeti, siyo hati tu.

Mwaka 2014 ikaongezwa lifti kutoka ukingo wa mto upande wa Poughkeepsie. Watu wa chini, karibu na kituo cha treni, wakaacha kuzunguka.

WENGINE WALIFANYAJE

Poughkeepsie siyo peke yao. Nitaje wawili, mmoja wa furaha na mmoja wa onyo.

Louisville, jimbo la Kentucky, kuna daraja la Big Four juu ya mto Ohio, lililofunguliwa 1895. Treni zilipoacha kupita mwishoni mwa miaka ya sitini, zile sehemu za kupandia za pande zote mbili ziling'olewa zikauzwa chuma chakavu. Likabaki katikati ya mto bila mlango wa kuingilia, watu wakalipa jina la daraja lisilokwenda popote. Ilibidi wajenge njia mpya za kupandia. Upande wa Louisville ulifunguliwa 2013, na ule wa ng'ambo, Jeffersonville katika jimbo la Indiana, 2014. Somo: akiuza ngazi za daraja kwa chuma chakavu, mtakuja kuzinunua tena kwa bei ya mpya.

Sasa la onyo. Pennsylvania kulikuwa na daraja la Kinzua, lilijengwa 1882, likajengwa upya kwa chuma cha pua mwaka 1900, mita 92 kwenda juu. Hili lilikuwa kwenye hifadhi ya jimbo, treni za watalii zilipita mpaka 2002. Wakagundua kutu imekula sana, wakalifunga, mwanzoni mwa 2003 mafundi wakaanza kulikarabati. Tarehe 21 Julai 2003 kimbunga kikapita. Minara 11 kati ya 20 ikalala chini ndani ya muda mfupi. Uchunguzi ukaonyesha boliti za chini zilizoshikilia minara zilikuwa zimechakaa, na ni za tangu lile daraja la kwanza la 1882. Mwaka 2011 sehemu iliyobaki ilifunguliwa kama njia ya kutembea inayoishia hewani, unasimama mwisho wake unaangalia vyuma vilivyolala bondeni. Panapendeza, lakini hapavuki popote. Mafundi walikuwa wameshafika, ila kimbunga kiliwahi.

Hapo ndipo ninapomwelewa Schaeffer na wenzake. "Mdogo mdogo" ni maneno mazuri kama kutu nayo ingekuwa inakubali kusubiri.

SHERIA NAYO IMO

Kitu ambacho wengi hatujui: sehemu nyingi reli haikununua ardhi moja kwa moja, ilipewa haki ya kupita tu. Treni zikiacha, ardhi inaweza kurudi kwa majirani, njia ikakatwa vipande vipande. Marekani walilirekebisha hili mwaka 1983: sheria inaruhusu njia ya reli isiyotumika igeuzwe ya kutembea na baiskeli, huku haki ya treni kurudi siku moja ikihifadhiwa. Yaani njia inawekwa akiba kama pesa benki.

Faida inaonekana Poughkeepsie. Daraja peke yake ni matembezi ya dakika 25 kwenda. Lakini mashariki limeungana na njia ya baiskeli iliyopita reli ya zamani ya wilaya ya Dutchess, na magharibi na ile ya Hudson Valley, na zote zimeingia kwenye Empire State Trail iliyokamilika mwisho wa 2020, mtandao wa kilomita kama 1,200 kuvuka jimbo zima. Daraja likikosekana hapo katikati, hizo njia zinaishia ukingoni mwa mto mnatazamana.

KWA WADAU WA UGHAIBUNI

Mliopo New York na majimbo ya jirani, kufika ni rahisi. Kuna treni ya abiria kutoka Grand Central hadi Poughkeepsie, kituo cha mwisho, na ukishuka daraja unaliona. Angalieni kwanza kama lifti inafanya kazi siku hiyo. Kama miguu inaruhusu, vuka kwa Walkway kisha rudi kwa daraja la jirani la magari la Mid-Hudson (la 1930, na mhandisi wake ni nani? Modjeski huyohuyo), lina njia ya miguu pembeni. Mzunguko mzima ni kama kilomita 6. Jua likizama lango linafungwa, na upepo wa juu huko siyo wa kuvalia fulana.

TUMEJIFUNZA NINI

Nikikusanya yote, mtu mwenye daraja bovu la reli mjini kwake ajiulize maswali kwa mpangilio huu, asianze na michoro mizuri:

1. Nani ana hati, na nani analipa kodi, taa na kesi? Kama hajulikani, kazi ya kwanza ni hiyo.
2. Nani amekagua chuma, lini, hadi boliti za chini?
3. Kubomoa ni shilingi ngapi? Kuacha kama lilivyo siyo bure.
4. Watu watapandia wapi na kushukia wapi?
5. Baada ya utepe kukatwa, nani atafagia na kupaka rangi miaka 30 ijayo, na kwa bajeti ipi?

Swali la tano ndilo wengi wanaliruka. Moto wa 1974 haukuua daraja la Poughkeepsie. Uliunguza mbao tu. Kilicholiua kwa miaka 35 ni kukosa mtu wa kujibu swali la kwanza na la tano kwa pamoja. Wale wa kujitolea walijibu la kwanza, wale wa mezani wakajibu la tano. Siku majibu yote mawili yalipokutana, chuma kilikuwa bado kimesimama kinasubiri. Kinzua hakikusubiri.

Naomba kuwasilisha. Uwanja ni wenu, mwenye swali au nyongeza aishushe hapo chini, hasa mafundi ujenzi na wadau mliowahi kukanyaga hapo darajani.